Mama Ananiita Madamu

Champlin, Minnesota
Tarehe 9 Februari 2025

Mpendwa kaka Sosthène,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mnaendeleaje huko kambini Nyarugusu? Nilisikia wifi Imaculata alilazwa kwa malaria. Naomba Mungu awe amemrudishia nguvu. Sisi tungali hai. Baridi imekaza mpaka mto umeganda, na Mama hatoki nje tena.

Nakuandikia kwa sababu tukiongea kwa simu Mama hukaa karibu, siwezi kusema yote. Najua umeambiwa kwamba nalipwa kwa kumtunza Mama, nawe ukasema mama si ajira. Maneno hayo yaliniuma, kaka. Nataka ujue ilivyokuwa.

Mwezi wa Septemba Mama alisahau sufuria motoni nikiwa kazini ghalani. Jirani ndiye aliyeona moshi. Nikaacha kazi. Baadaye akaja Stacy, mhudumu wa jamii, akaeleza kwamba serikali ya hapa huweza kumlipa mtoto anayemwosha na kumlisha mzazi wake. Binti yangu Rachelle akatafsiri. Mama akaniambia, "Mimi nilikuosha. Nani alinilipa?"

Kodi ya nyumba haingoji, nikatia sahihi.

Tangu siku ile alikataa nimguse. Alikuwa akijifungia bafuni na kujaribu kuoga mwenyewe, nami nasimama mlangoni namsikia akilia.

Kisha ikaja Noeli, na akili yake ikazidi kupotea. Sasa anakubali kuoshwa, kwa sababu hanitambui tena. Ananiita madamu. Ananishukuru kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru mgeni. Juzi nilipokuwa nampaka mafuta miguuni aliniuliza, "Wanakulipa vizuri hapa?"

Nikasema, "Wananilipa, Mama."

"Mungu akubariki. Mimi nina binti, anaitwa Pascasie. Yeye amenitupa."

Nikamwambia, "Ni mimi, Mama. Mimi ndiye Pascasie."

Alinitazama usoni, akavuta miguu yake, akaogopa. Siku nzima hakula kitu kutoka mkononi mwangu. Sitarudia tena kumwambia.

Sikulaumu kwa uliyosema. Ila nakuomba: Jumapili ukipiga simu, atakushtakia kwamba Pascasie hamjali. Usibishane naye, wala usimwambie kwamba niko pale pale kando yake. Sauti yako bado anaijua. Mwambie umeongea nami, kwamba nampenda, na kwamba niko njiani nakuja. Wewe atakuamini, na huenda akapata usingizi.

Nisalimie sana wifi, na kijana wenu Bonheur, na mzee Twagirayezu wa kanisani. Bwana awafunike kwa mkono wake, awape afya na amani mpaka tutakapoonana uso kwa uso.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Pascasie