Mlango wa Kushoto

Jumatatu, 4 Machi
Makubwa! Mteja kaniletea bango kuukuu nilitie fremu. La maonyesho ya sanaa, lina miaka arobaini, pembe zimeliwa na mende. Nikalikunjua mezani.
Mwanamke anapiga pasi, kainamisha shingo. Mama mdogo yule! Na pasi yetu, ile ya kishikio cha kitambaa. Picha hiyo kaichora mama — nilikuwa na miaka saba, nikimshikia kopo la brashi. Chini pameandikwa: Mchoraji hajulikani.
Hajulikani! Na yuko nyumbani anamenya viazi.

Jumanne, 5 Machi
Nimempigia mteja, kanikubalia nimwonyeshe mama. Mama kalisogeza bango mpaka puani. Macho yamebaki kidogo tu. Daktari kasema yakivuka mwaka huu tushukuru. Akacheka. Kumbe aliichora juu ya mlango wa kushoto wa kabati la jikoni, hakuwa na kitambaa cha kuchorea. Tulipohama, baba akauuza mlango huo kwa mnunuzi wa vitu chakavu. Ndiyo maana kabati letu lina mlango mmoja na pazia! Jina je? Aliliandika nyuma. Mbele linaharibu picha, anasema.
Mama huyu!
Nataka alisome jina lake mwenyewe, ukutani, angali anaona. Kaniambia niache, nisijitie aibu mbele za watu. Siachi ng'o.

Alhamisi, 7 Machi
Jumba la sanaa lililotajwa kwenye bango. Picha ipo kweli! Chumba cha pili, fremu ya dhahabu. Nimelia pale mbele yake mpaka mlinzi akaniletea kiti.
Msimamizi ni mwanamke mpole, miwani inaning'inia kifuani. Fungua nyuma, nikamwambia, jina lipo. Kakataa. Nyuma pamezibwa kwa ubao, hafungui kwa maneno matupu. Kila mwezi anakuja mtu na mama yake, eti ndiye mchoraji. Nimechukia, ila ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo. Nilete ushahidi, kasema.
Ushahidi ninao. Umefunika vikombe.

Ijumaa, 8 Machi
Saa mbili asubuhi, bisibisi mkononi. Skrubu za bawaba zimeota kutu, moja nimeikata kwa msumeno. Mama nyuma yangu analalamika: vikombe vyake vipigwe na vumbi mpaka lini?
Mlinzi langoni: dada, mlango huo unaupeleka wapi? Kwa mwenzake, nikamjibu.
Msimamizi kapima kwa futi. Urefu sawa. Kasema milango inafanana mingi. Haya! Nikaugeuza. Seremala akitengeneza milango ya jozi huilaza ubavu kwa ubavu, akachora pembetatu moja ya penseli juu ya yote miwili, asije akaichanganya. Nusu hii hapa. Nusu ya pili iko nyuma ya picha yenu, nikasema, na kama haipo nitaubeba mlango wangu, hamtaniona tena.
Kavaa miwani. Kapitisha kidole kwenye mstari. Kisha kamwita fundi wao aishushe.
Naandika hapahapa, kwenye benchi. Picha imelazwa kifudifudi juu ya blanketi. Fundi anang'oa misumari polepole mno, mikono inaniwasha, lakini nimekatazwa kugusa.
Simu — mama! Yuko langoni, kaja na teksi, anauliza ni mlango upi. Yeye aliyesema niache!
Mlinzi kaenda kumshika mkono. Nasikia fimbo yake kwenye ngazi. Umebaki msumari mmoja. Nimemwambia fundi atulie kwanza, asiung'oe, mwenyewe anakuja.