Kwa Mzee wa Stoo, na kwa Wote Walioniuliza "Bado Anatajwa?"

Mwaka umetimia, mume wangu, tangu asubuhi ile ulipokaa juu ya gunia la maharage, ukafumba macho kama kawaida yako, na hukuyafumbua tena.

Mwanao wa kwanza alikuwa ameshaandika tangazo la kumbukumbu. Lilikuwa fupi na zuri, lina pengo lisilozibika na upendo usio kifani. Nimelisoma mara mbili, nikalichana. Wifi yangu akasema nimepata wazimu. Nikamjibu basi na iwe hivyo, kalamu nitaishika mimi, kwa sababu kuna jambo lazima nikuambie, na kuna watu lazima wanisikie nikikuambia.

Nianze na sifa zako, maana ndivyo inavyotakiwa. Miaka thelathini ulikuwa mtunza stoo wa kiwanda, na hakuna boliti iliyotoka bila wewe kujua imekwenda wapi. Ulipostaafu nikadhani nimepata mume wa kukaa nyumbani. Haikupita miezi miwili, vita vikaanza kule juu, watu wakaanza kushuka kwa miguu na kwa malori, wakawekwa kwenye ukumbi wa michezo wa ile shule iliyofungwa. Shirika la misaada likatafuta mtu anayejua stoo. Ulikwenda siku hiyo hiyo, na shati la kiwandani.

Chumba cha kubadilishia nguo ukakigeuza stoo. Unga kushoto, maharage kulia, mablanketi juu ya mabenchi, sabuni mbali kabisa na chakula. Afisa wa shirika akisogeza sabuni karibu na unga, ulinuna kutwa nzima, na sisi nyumbani tukala chakula na mtu aliyenuna.

Mgao wa kwanza watu walikanyagana. Bibi mmoja akavunjika mkono palepale mlangoni pako. Ulirudi nyumbani hukula. Mgao wa pili uliburuta gunia hadi mahali ambapo kila mtu anakuona, ukakaa, ukasema, "Kabla ya kugawa, tunakaa dakika kumi. Anayejua kusali asali. Asiyejua apumue tu. Tufumbe macho."

Mambo yako hayo. Watu wale walitoka pande zote mbili za vita, wamelazwa ukumbi mmoja, katikati mstari wa chaki, na wewe unawaambia wafumbe macho jirani akiwa pembeni. Siku ile uliyafumba peke yako. Wiki ya tatu watoto wakafumba, kwanza kwa kukuiga na kukucheka. Halafu mama zao. Mstari wa chaki ulifutika kwa kukanyagwa na hakuna aliyeuchora upya, ingawa ugomvi wa ndoo na foleni ya choo haukwisha hata siku moja.

Afisa alikujia akiwa na makaratasi yake. "Mzee, hizi dakika kumi hazimo kwenye taratibu."

"Ziandike basi, mwanangu, ziwemo."

Mimi unanijua. Uliniita Kiguu na Njia hata mbele ya wakwe. Mara mbili nilikuja kukaa dakika zako kumi. Mara ya kwanza nilihesabu vioo vya madirisha vilivyovunjika, vilikuwa kumi na saba. Mara ya pili nikakumbuka sufuria niliyoiacha jikoni, nikaondoka dakika ya nne. Ulicheka hadi ukakohoa.

Sasa daftari.

Wasiokujua na waelezwe. Kila aliyekuwa amepotelewa na mtu njiani alikuja mlangoni pa stoo, nawe ulimwandika aliyepotea kwenye daftari lenye jalada gumu. Hukuandika jina hata moja. Kule walikotoka jina linatosha kusema mtu ni wa upande gani, na ulisema hutaki kujua. "Mungu anawajua," uliniambia. "Mimi nataka tu nisiwachanganye." Kwa hiyo uliandika alivyo mtu. Mzee anayevaa saa mbili, moja imekufa. Mapacha wa kike, mmoja anamsemea mwenzake. Kijana, kidole gumba cha kushoto kimepinda. Mume, anakoroma, mkewe anasema bila mkoromo huo usingizi hauji.

Kila alfajiri ulikaa kwenye meza ya jikoni ukawasoma wote kwa midomo, bila sauti, nami nikipita nyuma yako na ndoo, na ufagio, na manung'uniko. Wenyewe uliwaahidi, mmoja mmoja: "Atatajwa kila asubuhi mpaka apatikane." Akipatikana, ulichukua rula na kalamu ya kijani, ukampigia mstari. Siku ya mstari wa kijani ulikuwa mtu wa kupiga mluzi.

Asubuhi uliyotutoka ulikuwa umesahau dawa zako mezani. Nikakufuata nazo mbio, nikisema peke yangu barabarani. Nilipofika nikakuta ukumbi mzima umetulia, watu zaidi ya mia wamekaa sakafuni, na wewe kwenye gunia lako. Nikamuuliza mwanamke wa mbele mmeanza saa ngapi.

"Leo mzee amezama," akaninong'oneza. "Saa nzima sasa."

Saa nzima, mume wangu. Walikusubiri kwa heshima. Hata yule afisa wa taratibu alikuwa amekaa, viatu amevua. Mimi ndiye niliyepita katikati yao nikakukaripia, "Baba watoto, watu wana njaa," nikakushika bega.

Daktari alisema ni moyo. Alisema huenda ilikuwa mara moja, na huenda hata ningewahi isingesaidia. Neno hilo, "huenda", ndilo nililorudi nalo nyumbani. Niliwachukia watu wale kwa adabu yao, nakuambia kweli. Ningependa wangekuwa wakorofi siku hiyo moja tu, wakapiga kelele, mtu akakusukuma.

Tangu hapo sivumilii kumwona mtu amekaa na macho yamefumbwa. Dada yako nimemtikisa mara tatu kwenye kiti chake akisinzia mchana, mara ya tatu alinipiga kwa kanga. Na daftari nililiweka kabatini, chini ya vitambaa vya meza. Sikulifungua.

Wiki mbili baada ya kukuzika, akaja mwanamke mmoja kutoka ukumbini. Siku hizi hapa nyumbani anaitwa Mama wa Jumamosi, maana ndiyo siku yake. Alisimama getini, hakutaka kuingia.

"Pole, dada. Sitakuchosha. Nataka kujua kitu kimoja tu. Binti yangu bado anatajwa?"

Nilikuwa na ufagio mkononi, na kichwani nina mambo kumi. Nikasema, "Anatajwa."

Uso wake ulilegea, akashukuru, akaenda. Jumamosi iliyofuata akarudi. Nikasema anatajwa. Wakaja na wengine, mmoja baada ya mwingine, wanaume kwa wanawake, na wote niliwajibu neno hilo hilo. Mwanzo nililisema nikiangalia chini. Baadaye lilitoka lenyewe, hata nikiwa naanika nguo. Miezi kumi na moja nilidanganya, na nilidanganya vizuri.

Kisha siku moja Mama wa Jumamosi akaja Jumanne, anakimbia. Binti yake ameonekana, yuko kituo kingine, mbali, anafanya kazi jikoni, mzima. Alinishika mikono yote miwili analia na kucheka. "Mungu akulipe, dada. Hukukosa hata asubuhi moja."

"Hata moja," nikasema.

"Basi mpigie mstari wake. Jumamosi nitakuja kuuona."

Hapo nikajua nimenasa. Mtu anayemtaja binti kila siku hawezi kumuuliza mama yake, samahani, mwanao yukoje? Miezi kumi na moja nimezungumza na mama yule getini kwangu, sijawahi hata kumuuliza mwanawe ni mtoto wa namna gani. Nikalitoa daftari kabatini nimtafute mwenyewe. Watu mia mbili na kumi na nne, mwandiko wako ule wa kubana. Niliwasoma nikiwa nimesimama, nikizunguka meza, siku tatu. Nikapata mabinti watatu walioweza kuwa yeye: mmoja anaimba akifua, mmoja anaogopa kuku, mmoja anacheka kabla hajamaliza kusimulia. Nikamwangalia mama yake kwa akili yangu, anavyocheka huku analia, nikasema ndiye huyo wa kucheka. Nikachukua rula. Kalamu ya kijani.

Jumamosi aliingia hadi jikoni kwa mara ya kwanza. Akatafuta kwa kidole, polepole, mpaka akaufikia mstari mpya. Akausoma mara mbili.

"Huyu si wangu," akasema. "Wangu anaogopa kuku."

Nikaisogeza rula pembeni.

"Umemfuta mtoto wa mtu." Akaninyanyulia macho. "Hukuwa unamtaja."

"Sikuwa."

"Hata asubuhi moja?"

"Hata moja."

Hakupiga kelele. Alisema, "Miezi yote hii nimekuwa nikilala kwa sababu yako," akatoka, akaacha geti wazi. Mume wangu, nimezika wazazi, nimekuzika wewe, lakini aibu kama ile sikuwahi kuipata. Nilifua mapazia ya nyumba nzima siku ile, yale safi na yale machafu.

Jumamosi iliyofuata alirudi. Hakunisalimu. Alikaa kwenye kiti chako bila kukaribishwa, akaomba daftari. "Yule uliyemfuta, mwandike upya." Nikamwandika, mstari wa mwisho kabisa, yeye akisimamia. Kisha akachukua rula, akampigia mstari yule wa kuku kwa mkono wake mwenyewe, na akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma. Kwa sauti. Nikabaki nimesimama karibu na jiko, sijui nikae au nitoke.

Ukurasa wa tatu akasimama. "Humu wa upande ule ni wangapi?"

"Sijui. Hakuandika."

"Waliochoma nyumba yangu, na wao wana watu wao humu?"

"Huenda."

Kidole chake kilikaa kwenye mstari huo muda mrefu, nami nilikuwa na hakika atalifunga daftari, na nisingemlaumu. Ulikuwa mstari wa yule mume anayekoroma. Alivuta pumzi. "Mume," akasoma. "Anakoroma. Mkewe anasema bila mkoromo huo usingizi hauji." Akaendelea na wa chini yake, mpaka akawamaliza wote.

Wiki iliyopita alisafiri kumfuata binti yake. Aliniaga getini, kikavu, lakini alinipa mkono. Kwa hiyo sasa nimebaki mimi. Watoto wako wamejitolea kunipokea zamu, wifi pia, ila wanasoma haraka nami nawagombeza, mimi wa kugombeza watu kwa haraka.

Nilidhani nikiyafanya haya nitaupata utulivu wako. Sijaupata. Nawasoma nikitembea kati ya jiko na mlango, napotea, narudia ukurasa, nakumbuka maji yanachemka, narudi. Asubuhi nyingine simsikii Mungu kabisa, nasikia bomba tu. Sijui kama kuwataja kwa namna hiyo kunapokelewa. Ulikuwa na namna ya kukaa ambayo mimi sikupewa, na nakuonea wivu, na bado nina hasira nawe kwa kuondoka ukiwa umekaa vile hata mtu asijue.

Nisamehe. Uliahidi kwa kinywa chako, nami nikaivunja ahadi kwa changu.

Na ninyi mlioniuliza, popote tangazo hili litakapowakuta, ukumbini au mlikohamia: nilipowajibu "anatajwa", ulikuwa uongo. Sasa hivi wanatajwa, kila asubuhi, vibaya, kwa miguu, lakini wote. Njooni mhakikishe wenu yumo, na kama mzee alikosea kidole au saa, tutasahihisha. Wa binti anayecheka kabla hajamaliza kusimulia, hajapatikana, na hajafutwa. Mkiona mstari wa kijani juu yake ukurasa wa tano, ni mkono wangu uliokosea. Shukeni mpaka mwisho wa daftari, yuko pale, peke yake kwenye mstari wake, na ndiye ninayemaliza naye kila siku.

Unakumbukwa na mimi mkeo, binti yako wa kwanza, mhasibu, aliyechaniwa tangazo lake, mdogo wake, fundi wa umeme, dada yako wa pekee, mkweo, na mjukuu wako uliyekuwa ukimfundisha kupiga mluzi.

Daima utatajwa. Safari hii ni kweli.