Ukumbi Juu ya Bwawa

"Shemeji, usituletee nuksi kwenye harusi ya mwanangu!" Abdulmajidi ananifokea hivyo mbele ya wageni, Flora. Mimi namwambia awatoe watu ukumbini, yeye ananiambia nimechoka, nikalale.

Tuko hoteli ile ile tuliyofanya kazi mimi nawe! Unakumbuka ilipobinafsishwa, mwekezaji akalifunika bwawa la kuogelea kwa mbao ili apate ukumbi? Ndiyo huu ukumbi. Wameweka zulia, na wote wamesahau.

MC akaita ukoo mzima uje kuwatunza maharusi, watu wakaanza kuruka. Nikasikia mbao zinalia. Zinalia, Flora! Zulia linabonyea, na binti yangu Anifa yuko katikati anacheza na wenzake. Shemeji anasema, "Ni spika hizo." Spika!

Nikaona kubishana kutatuulia watoto. Nikampokonya MC maiki, nikatangaza, "Pilau iko tayari uwanjani, atakayechelewa hapati nyama!"

Hata bibi harusi alikimbia. Nikaupiga mlango kufuli hapo hapo. Ufunguo ninao mimi, na pilau yenyewe haijaiva.