Usukani wa Baiskeli ya Baba

Mjukuu wangu, mume wangu Yohana,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia hapa Cheyo. Shangazi yako amejifungua salama, ila huko kwake Puge mvua imegoma na mahindi yanakauka.

Umeuliza kwa nini nilikukataza kuisugua ile baiskeli iliyo stoo. Ilikuwa ya baba yangu. Wakati wa Mwingereza alichukuliwa kwenda vitani, akamwachia mama aitunze. Usukani wake uling'aa kama fedha. Kila Jumamosi mama aliusugua kwa majivu na mchanga, kama tulivyosugua masufuria, ili baba akirudi aikute mpya. Vita vikaisha, wenzake wakarudi. Mama akazidi kusugua.

Siku moja usukani ukaanza kutoa madoa ya kutu. Mama akaikokota baiskeli hadi kwa fundi, mzee mmoja wa sokoni. Fundi akaupapasa usukani kwa kidole gumba.

"Mama, ndani hiki ni chuma tu. Kilipakwa nikeli, madini ya kung'aa, nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Mchanga wako umeimaliza."

"Sasa nisiposugua, atajuaje kwamba nilimngoja?"

Fundi aliinama, akajifanya anatafuta spana.

Jumamosi iliyofuata mama hakugusa majivu. Alimwita dada yake aje na wembe, akakaa uani, akanyolewa nywele kama wanyolewavyo wajane. Matanga ya baba yalianza siku hiyo.

Ukija likizo, iache na kutu yake.

Bibi yako