Sifa za Guelord ku bukwe

Lydie, njo tunatoka kulipa dot, mahari ya ndugu yangu Guelord, pale Bel-Air. Tulipata haya mbele ya bukwe, ndugu ya bibi harusi.

Unamujua. Mu Katuba kilio yote, muntu akikufa, yeye njo anasemaka. Sasa bukwe bakamuomba asimame, amusifu papa ya bibi harusi mbele ya bantu bote.

Akasimama, mukono pa kifua. Lakini maneno yote ya heshima yenye anajua, aliyaokota mu kilio.

"Papa Symphorien, muntu wa neno moja, mulisomesha batoto ya bengine kama benu. Munatuachia nani?"

Na papa Symphorien iko mbele yake, na Fanta mu mukono.

Bantu bakamukazia macho. Guelord akafikiri banapenda, akaongeza: "Mulale salama, baba ya bote."

Mulale salama, Lydie. MULALE SALAMA.

Tantine mumoja, shangazi ya bibi harusi, akavua viatu, akaikala chini, akaanza kulia. Bengine bakafuata. Guelord naye akalia, mazoea tu.

Muzee akaweka Fanta chini, akapanguza macho. Nikajua anatufukuza.

Akasema: "Binti nimemutoa. Lakini uyu kijana asihame Lubumbashi mpaka siku nitakufa."