Siku Tisa za Ubao wa Tatu

Bukavu, Muhumba, tarehe 4 mwezi wa tano 1997

Ndugu yangu mupenzi Benoît,

Yezu asifiwe. Ni mimi dada yako mukubwa, yaya Eulalie, na kama unavyoona kwa hizi herufi, mukono yangu ingali na nguvu. Unaendelea je? Lucie anaendelea je, na watoto? Baridi ya Namur imekwisha ao ingali inawauma? Sisi hapa tuko. Magoti yangu yanalia kidogo nikipanda kutoka soko, lakini chakula inapatikana, na tunalala ndani ya nyumba yetu. Katika Bukavu ya mwaka huu, mutu mwenye kulala kwake tunamuita tajiri. Barua hii inakuja kwa mikono ya Sœur Marcelline, anayeondoka siku ya tatu kupitia Kigali. Umupokee muzuri, umupe chai ya moto na sukari mingi, ni mutu wa kwetu.

Sasa nifike kwa Hugues, maana ninajua hata wewe ulikuwa unangojea. Anakuja kwako siku ya Mungu, anakula fufu, anaosha sahani, anarudi Liège bila kusema kitu juu ya kazi yake. Ni tabia ya baba yake, marehemu Floribert: ukimusifu anatazama viatu. Basi nitamusemea mimi mama yake, niliyemuzaa na sina haya. Huyu mupwa wako anataka kuwa daktari. Si daktari wa sindano, hapana. Ni daktari wa vitu vigumu: chuma, mbao, saruji, na namna gani vinabeba, na siku gani vitachoka kubeba. Katika familia yetu yote, kwa baba na kwa mama, hatujaona mutu kama huyu, na hata katika familia ya watu wa hapa Muhumba wenye kujidai, ninatafuta na sioni.

Mimi niliacha masomo mwaka wa tano wa primaire, unajua. Lakini Hugues alinieleza mpaka nikasikia. Aliniambia nifikiri ukuta wa nyumba yetu ya zamani kule Nyantende. Udongo peke yake unapasuka. Matete peke yake yanapinda. Ukivitia pamoja, kila kimoja kinasaidia kingine pale kinaposhindwa, na ukuta unabeba paa miaka makumi mbili. Akasema hiyo ndiyo komposite, wazungu wameipa jina tu. Basi akachukua nyuzi za migomba yetu ya Nyantende, akazichana kama nywele za binti anayekwenda komunio ya kwanza, akazilaza ndani ya rezini, ile gundi yao ngumu, akazikandamiza chini ya mawe. Zikatoka mbao nyembamba, urefu wa mukono, ngumu hata ukipiga zinalia kama sahani.

Mbele ya kwenda Ulaya, mwezi wa pili mwaka jana, alifunga mbao ine kwa ukuta wa korido yangu, upande mumoja umeshikwa, upande wa pili uko hewani. Kwa kila moja akatundika mufuko wa mchanga wa kilo kumi, na nyuma akaweka rula. Akanieleza kwamba kitu kikibeba muzigo siku mingi kinaendelea kuinama polepole, hata kama hauongezi kitu. Neno lake ni fluage. Kwa hiyo lazima mutu apime kila asubuhi, mwaka muzima, aandike katika kaye, daftari yake. Nikamuuliza mutu huyo atakuwa nani. Akasema hana mwengine anayemuamini. Benoît, nililia mbele ya zile mbao kama mujinga.

Tangu siku ile, kila asubuhi, mbele hata ya kufagia, ninapiga magoti, ninafunga jicho moja, ninasoma milimetre, ninaandika. Jirani yangu Emérence, yule mwenye kuuza unga, alinikuta hivyo siku moja akaniuliza kama hizo mbao zimebatizwa, maana aliona ninazipigia magoti kuliko Sakramenti. Nikamujibu kwamba zangu zinakwenda kuandikwa katika kitabu Ulaya, na unga wake unaishia kwa soko ya Kadutu. Alikaa siku mbili bila kunisalimia.

Nikuchekeshe kidogo. Barua ya kwanza ya Hugues ilisema kwamba huko anashughulika na fatigue tangu asubuhi mpaka magaribi. Nikasema, mutoto yangu amechoka hivyo na hakuna mutu wa kumupikia! Nikamufanyia novena, sala za siku tisa, nikamutumia unga wa karanga kwa padri mumoja. Akanijibu kwa heshima kwamba fatigue ni ya chuma, si yake yeye: wanakivutavuta kitu mara elfu na elfu waone kitavunjika lini. Lakini unga aliukula wote.

Sasa, kila mwisho wa mwezi nilinakili namba kwa karatasi nikamutumia na musafiri. Vita vilipofika hapa mwezi wa kumi, watu walikimbia, nyumba zilivunjwa, hata kengele ya parokia ilinyamaza. Na bado karatasi yangu ilifika Liège na kila siku ndani yake. Hugues aliniandikia kwamba profesa wake aliweka kidole juu ya zile siku, akauliza kama si hapo muji uliangukia. Hugues akasema ni hapo. Akauliza nani alikuwa anapima. Hugues akasema ni mama yake. Profesa akavua miwani, akasema kwamba katika laboratoire yake yenye umeme na joto wanakosa siku kwa sababu ya mafua tu, grippe.

Hayo nilimuonyesha Abbé, padri wa parokia yetu, na Abbé akayasema katika mahubiri, bila kutaja jina, lakini wote waligeuka kunitazama, na mimi nilikuwa nimevaa kitenge kipya makusudi. Niliyasema kwa fundi wa nguo. Niliyasema pale tunapochota maji. Emérence mwenyewe aliacha kunicheka, akaanza kuwaleta wageni wake waone korido yangu, na mimi nikawa ninawaomba wasiguse.

Juma tatu zilizopita barua ingine ya Hugues imefika. Kitabu chake kimekwisha, na tarehe 20 mwezi wa sita atakitetea mbele ya maprofesa watano. Anasema sehemu nzuri kuliko zote inatoka kwa ubao wa tatu, maana ule ubao, katika zile siku za vita, ulishuka kila siku sawasawa, na zile zingine hazikushuka vile. Alitafuta sababu miezi mitatu. Akaona ni mvua: paa yetu ilikuwa inavuja upande ule, maji yaliingia katika nyuzi, nyuzi zikalegea. Profesa alifurahi sana. Kwa hiyo Hugues amepata dawa yake, ni kupaka verni maji yasiingie. Na kuna wazungu wamoja wanataka kutumia mbao hizo, zikiisha kupakwa, kujenga kilalo, daraja ya miguu, juu ya mutoni wa Nyantende, pale wamama wanapovukia na mizigo ya mihogo mugongoni. Mwishoni ameniandikia maneno yatakayokuwa kwa ukurasa wa kwanza wa kitabu: Kwa mama yangu, ambaye hakukosa hata siku moja.

Benoît, hapa niliweka kalamu chini, nikaenda kunywa maji, nikarudi.

Nilikosa siku tisa.

Tarehe 28 mwezi wa kumi asubuhi nilipima, ubao wa tatu ulikuwa kwa milimetre makumi ine na moja. Kesho yake bombe zikaanza, nikachukua kaye, rozari na sufuria moja, nikakimbia kwa miguu mpaka Nyantende na watu wengine wote. Nilirudi tarehe 6 mwezi wa kumi na moja, jioni. Mulango ulikuwa chini. Matela ya kulalia imekwenda, radio imekwenda. Watu wasiojulikana walilala ndani, waliwasha moto katikati ya salon. Mbao za Hugues zilikuwa pale pale, nani ataiba mbao za migomba? Lakini kwa ncha ya ubao wa tatu, juu ya mufuko wa mchanga, mutu alikuwa ametundika koti ya askari. Nzito, imejaa maji, inatona. Alitafuta musumari, akaona kazi ya mutoto yangu.

Nikaiondoa. Kesho asubuhi nikapima. Zile zingine tatu zilikuwa zimeshuka milimetre moja moja. Ubao wa tatu ulikuwa kwa makumi tano na nane, na mpaka leo haujarudi juu.

Nikakaa na kaye. Siku tisa nyeupe. Niliona haya kama mama aliyesahau mutoto sokoni. Nikagawanya zile milimetre kumi na saba za katikati, vile nilivyokuwa ninawagawanyia nyama nyinyi wadogo: siku nane mbili mbili, siku ya tisa moja. Na nilibadilisha kalamu katikati, wino usifanane. Ona akili ya yaya yako. Ile koti niliizika nyuma ya jikoni, maana niliogopa wasiseme ninaficha askari.

Barua ya Hugues ilipofika, mwanzo nilifikiri kunyamaza. Ninakuambia kweli. Diplome itatoka, sehemu ile ni nzuri, profesa amefurahi, nani ataumia? Kisha usiku na mchana nikawa ninaona ule verni. Hugues atapaka, atasema maji hayaingii tena, sasa iko salama, wapite. Na ule ubao haukushushwa na maji. Ulishushwa na uzito. Koti tu imeuinamisha usirudi tena. Na mama wa Nyantende mwenye kilo makumi sita za mihogo uzito wake si wa koti tu.

Basi juma iliyopita niliifukua. Niliilowesha vile nilivyoikuta, nikaitia ndani ya beseni, nikafunika na sombe, yale majani ya mihogo, nikaipeleka kwa Emérence mwenye mizani. Kwa kona askari wawili wa hawa wapya, walioingia na vita, walinisimamisha, mumoja akauliza ninapika nini. Nikasema sombe. Akaniambia nisisahau pilipili. Nikakaza mwendo mpaka kwa mulango wa Emérence. Alipoona koti alipiga kelele Yezu Maria, na ilinibidi nimueleze yote. Alicheka mpaka akakaa juu ya mufuko wa unga, akasema kumbe si mbao peke yake zilikosa ubatizo, hata mama yao. Kisha akafunga mulango, akaitundika. Kilo sita na nusu. Mimi nikataka kuifunga, yeye akasema hapana, Maman Hugues, kazi ya mutoto haipimwi mara moja. Tukapima mara tatu. Alinihakikishia hatamuambia mutu, ni kusema Muhumba yote inajua sasa. Na Abbé nimemufuata leo mimi mwenyewe kiisha misa, nikamuambia kweli yote.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ninakuomba. Usipige simu. Panda treni uende Liège, ukae naye, umupe karatasi iliyo ndani ya bahasha hii. Nimeandika: tarehe 28, makumi ine na moja. Tarehe 7, makumi tano na nane. Katikati, hakuna. Koti yenye maji, kilo sita na nusu, siku hazijulikani. Atakasirika, umuache akasirike, usinitetee. Kama wanasukuma tarehe ya kitabu, wasukume. Labda hiyo koti itamufundisha kitu kuliko mvua, labda itamuharibia mwaka. Mimi sijui, mwenye kujua ni yeye, na akili yake ninaiamini kuliko namba zangu. Umuambie tu asiache mutu apande juu ya kile kilalo mbele ya kupima upya.

Na kwa ukurasa wa kwanza, kama angali anataka kuniweka, aandike: Kwa mama yangu, ambaye alikosa siku tisa. Ao asiandike kitu. Nitamupenda vile vile, na nitajisifu naye vile vile.

Usalimie Lucie, ubusu watoto kila mumoja kwa jina lake, na mama mukwe umuambie ninamukumbuka katika sala. Mungu awalinde huko, na sisi asituache huku. Ninangojea jibu lako na la Hugues, hata kama lake litakuwa fupi.

Yaya yako anayekupenda,

Eulalie M'Bahizire