Uwanja wa Kuanikia Wimbi

Gorong'a, Tarime
9 Agosti

Dada Scholastica,

Shikamoo. Mnaendeleaje huko Nata? Mapacha wamepata nguvu? Na wewe mgongo umepoa? Sisi huku tupo, wazima kiasi, ila baba anakula kidogo. Gidion anasoma, lakini darasa lao wako mia moja na arobaini, wengine wanasikiliza kutoka dirishani. Nimeandika kwa sababu kwenye simu maneno yananikwama, si unanijua.

Nilisikia ulilia sana ulipoambiwa mama kazikwa kwao Kemambo. Wewe ndiyo kwanza ulikuwa umejifungua, hukuweza kuja, basi ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Siku ya msiba wazee walizunguka mji wetu mzima wakitafuta pa kuchimba. Unakumbuka babu alimwachia baba ekari nane, na ng'ombe walichungwa humo humo? Sasa watoto wa baba kwa wake zake wote tuko ishirini na sita, wa kiume kumi na saba, na karibu wote wana familia. Nyumba zimegusana mabati. Kwa mama mkubwa hakuna hata pa kufungia mbuzi. Benedicto wa mama mdogo akasema tukizidi kuzaana hivi, wa mwisho watazikwa wamesimama. Watu wakacheka, halafu wakaendelea kutafuta.

Ilibaki nafasi moja tu, ule uwanja mbele ya nyumba ya mama, alipokuwa anaanika wimbi, ule ulezi wake wa uji. Hatua kumi na mbili kwa tisa. Nyumba yenyewe ni ya Gidion, yeye ndiye kitindamimba anayerithi, kwa hiyo mimi nilitegemea kujenga hapo uwanjani. Baba yake Wegesa, mchumba wangu, alishaniambia kwa ng'ombe wa mahari anaweza kunisubiri, ila binti yake hampi mtu asiye na pa kusimamisha nyumba. Na kaburi likishakaa hapo, hujengi tena.

Ndipo nikasema. Nilisimama mbele ya wazee nikasema mama aliniambia akifa apelekwe kwa kaka yake, asije akawabana watoto. Unajua maana yake. Mke aliyetolewa ng'ombe akizikwa kwao ni kama hakuwahi kuolewa. Baba wadogo walikataa, mmoja akaniuliza kama nimelewa. Baba alinitazama sana, akasema, "Huyu mura, kijana wangu, hajawahi kufungua mdomo kwenye kikao. Akiongea leo, ni kweli." Kisha akaingia ndani, nikamsikia anajikohoza, lakini hakuwa na kikohozi.

Tulimpeleka na pikapu. Mjomba Simioni alitupokea vizuri, lakini wanawe walinuna. Nao wako tisa, na shamba lao ni kipande tu. Walituonyesha kisehemu nyuma ya banda la mbuzi. Mke wa mjomba akanivuta pembeni, akaniuliza kama mama alifukuzwa. Nikasema hapana. Juzi baba naye ameniuliza, "Mama yako nilimkosea nini?" Nikainama nikafunga kamba ya kiatu.

Dada, mama hakusema vile. Niliwadanganya.

Wiki moja kabla hajafa aliomba nimtoe nje aote jua. Nilimkalisha kwenye mkeka pale uwanjani, tukiwa wawili tu. Akapapasa udongo, akasema, "Mtanilaza hapa, niwasikie wajukuu wakicheza." Nikamwitikia ndiyo, mama.

Sasa msingi nimeshachimba na mawe yameletwa. Wegesa anakuja baada ya mavuno, hajui kitu. Kila nikishika jembe najikuta nimesimama tu. Nikimwambia baba sijui kama watamfukua mama au watamwacha kule kule, na sijui kipi ni kibaya zaidi. Lakini wewe usiendelee kulia kwamba mama alitukataa. Hakutukataa. Ni mimi nilimtoa kwake.

Naomba usimpigie baba. Wewe ndiye mkubwa wa nyumba yetu, niandikie uniambie nifanye nini, na ukisema nisimame tena mbele ya wazee, nitasimama. Ukikasirika usijibu, nitaelewa.

Msalimie shemeji Nashoni, na mapacha uwabebe kidogo kwa niaba yangu. Gidion anakusalimu, anauliza utakuja lini kuona kwa mama. Sijajua nimwambie utafikia wapi, hapa uwanjani au Kemambo.

Ni mimi mdogo wako,
Kisyeri